Mtoto kwenye picha ya treni: anza kwa kuisoma treni

Mtu akiona picha ya zamani yenye mtoto na treni, mara nyingi hutabasamu na kuusifu utoto wa enzi hizo. Sisi tunaohifadhi picha tunaomba jambo moja kabla ya sifa hizo: mwache mtoto kwanza, isome treni. Uso wa mtoto hupotosha kwa urahisi, hata kama hakuna aliyekusudia kupotosha. Namba ya behewa, maandishi ubavuni mwa injini na mizigo waliyobeba abiria vinaweza kukueleza safari ile ilikuwa ya nini.

Sijui mfano unaolionyesha hili vizuri kuliko ule wa msichana wa Westerbork, kambi ya Uholanzi ambako Wanazi waliwakusanya watu kabla ya kuwasafirisha kwenda kwenye kambi za mashariki. Mwaka 1944 Rudolf Breslauer, ambaye naye alikuwa mfungwa, aliagizwa apige filamu kambini humo. Katika kipande kifupi cha filamu hiyo msichana anaonekana akichungulia kwenye mwanya wa mlango wa behewa la mizigo, kichwa kimefungwa kitambaa kwa sababu alikuwa amenyolewa nywele. Sura yake ilienea duniani kote. Kwa miongo kadhaa alijulikana tu kama msichana wa Kiyahudi asiye na jina.

Treni ndiyo iliyofungua njia. Sanduku la abiria mmoja lilikuwa limeandikwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Maandishi hayo yalipolinganishwa na kumbukumbu za kambi, siku ya safari ikajulikana kuwa 19 Mei 1944. Siku hiyo walisafirishwa pia Wasinti na Waroma, jamii ndogo za Ulaya ambazo nazo ziliteswa na Wanazi. Mwandishi wa habari Aad Wagenaar akafuata nyayo hizo hadi akampata mwanamke aliyenusurika, ambaye alikuwa ndani ya behewa lilelile, na mwaka 1994 jina likapatikana: Settela Steinbach, Msinti, mwenye umri wa miaka tisa. Aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kwa muda wote huo picha yake ilichapishwa tena na tena huku mateso ya watu wake yakiwa hayatajwi kabisa. Maelezo ya picha yakikosewa, watu wazima wanaweza kumpoteza mtoto kwa mara ya pili.

Picha za miaka ya 1938 na 1939 nazo huchanganywa sana. Kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939, watoto wapatao 10,000, wengi wao Wayahudi, walipelekwa Uingereza bila wazazi wao kutoka Ujerumani, Austria, Chekoslovakia na Poland. Kisha kuanzia 1 Septemba 1939 serikali ya Uingereza ikaanza kuwahamisha watoto wa mijini kwenda mashambani kwa hofu ya mabomu. Ndani ya siku chache watu wapatao milioni 1.5 walihamishwa, wakiwemo wanafunzi zaidi ya 800,000. Makundi yote mawili yanaonekana kwenye picha za stesheni, na watoto wa makundi yote mawili wana kadi zilizofungwa mwilini. Kwa hiyo tazama vitu vingine. Kisanduku cha kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu kinachoning'inia begani, na walimu waliosimama pamoja na darasa zima, huelekeza kwenye uhamisho wa ndani ya Uingereza. Tabasamu lisikuharakishe kuhukumu, kwani serikali ilihitaji wazazi wakubali kuachana na watoto wao, na picha ya mtoto mchangamfu ilisaidia kazi hiyo.

Picha za watoto waliofanya kazi kwenye reli, zikiwemo reli za migodini, ndizo ninazozithamini zaidi. Mwaka 1908 Lewis Hine, aliyekuwa akiwapiga picha watoto wafanyakazi nchini Marekani kwa niaba ya kamati iliyopinga ajira ya watoto, aliingia katika mgodi wa makaa ya mawe huko West Virginia. Humo alimkuta mvulana wa miaka 15 ambaye kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga mlango ili mabehewa ya makaa yapite, saa 10 kwa siku, kwa malipo ya senti 75. Giza lilikuwa zito kiasi kwamba michoro ya chaki iliyokuwa mlangoni haikuonekana hadi picha iliposafishwa. Tunayajua haya yote kwa sababu Hine aliyaandika. Ondoa maandishi yake, na kinachobaki ni mvulana aliyeketi kando ya mlango.

Zipo pia picha za furaha ya kweli, na ni nyingi. Kamera ya Brownie ilipoanza kuuzwa mwaka 1900 kwa dola moja, familia za kawaida ziliweza kujipigia picha zenyewe. Lakini kamera hizo hazikuwa na kasi. Treni iliyo mbioni ilitoka kama ukungu. Ndiyo maana katika picha nyingi za aina hii mtoto yuko mbele ya injini iliyosimama. Kwa picha za Uingereza, herufi LMS au LNER kwenye behewa la maji na makaa nyuma ya injini ni za kampuni za reli zilizoanza mwaka 1923 na kuingizwa katika shirika la taifa tarehe 1 Januari 1948. Acha nafasi ya miaka michache hapo, maana injini hazikupakwa rangi upya siku moja.

Kama una picha za namna hii nyumbani, nakili pande zote mbili, mbele na nyuma. Majina na mahali yaandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya karatasi au huacha mkandamizo unaoonekana upande wa mbele. Usiandike jambo la kukisia bila kuweka alama ya kuuliza. Na usikate kingo ili mtoto abaki peke yake katikati, kwani namba ya behewa mara nyingi iko pembezoni.