"Mimi sitoki vizuri kwenye picha" na mengine ninayoambiwa nikiwa kazini

Kabla sijabonyeza kitufe cha kamera, kauli ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Mimi huwa sitoki vizuri kwenye picha." Huisema wazee kwa vijana, wengi wao wakiwa wameshainamisha uso kama wanaoomba radhi. Huniuma, kwa sababu karibu kila mara si kweli.

Chanzo cha kwanza cha hisia hiyo ni kioo. Sura unayoijua kuwa yako umeizoea kwenye kioo, na kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Hakuna uso ulio sawasawa pande zote mbili: unyusi mmoja umepanda kidogo, mdomo unaelemea upande mmoja. Ukijiona kwenye picha, vyote hivyo vimehama, ukahisi kuna kitu hakiko sawa usijue ni nini. Mwaka 1977 watafiti nchini Marekani walitumia picha za wanawake, kila picha kwa namna mbili: kama ilivyo, na ikiwa imegeuzwa kama ionekanavyo kwenye kioo. Wenyewe walielekea kupenda ile ya kioo, marafiki zao wakapenda ile ya kawaida. Kwa hiyo picha inayokukera huenda ndiyo sura ambayo wanaokupenda wameizoea miaka yote.

Chanzo cha pili ni umbali, na hapa ndipo watu wanapojionea bure. Siku hizi picha nyingi tunazojiona ni selfi. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yaliyo nyuma kwa kama sentimita 10 yako umbali wa sentimita 40. Pua itatoka kubwa kwa theluthi nzima ukiilinganisha na masikio. Nikisimama mita 2 kutoka kwako, pua iko sentimita 200 na masikio 210: tofauti ni asilimia 5, haionekani. Wengine hulaumu lenzi, nayo haina kosa. Piga kwa lenzi pana, ile inayoona eneo kubwa, kutoka mahali palepale, kata sehemu ya uso tu, na uwiano wa pua na masikio utakuwa uleule wa lenzi ndefu, ile inayovuta vitu karibu. Kinachobadilisha sura ni pale mpiga picha aliposimama. Ndiyo maana mtu akiniambia hatoki vizuri, jambo langu la kwanza ni kurudi hatua mbili nyuma. Kisha nampiga chache tukiwa tunazungumza, namwonyesha moja mapema. Mabega hushuka papo hapo.

"Tusubiri jua, leo kuna mawingu"

Usiahirishe! Mwanga mwingi na mwanga mzuri ni vitu viwili tofauti. Jua ni kubwa mno, lakini kutoka duniani linachukua kama nusu digrii tu ya anga, hivyo usoni linafanya kazi kama taa ndogo, na taa ndogo hutoa vivuli vyenye kingo kali. Likiwa utosini, macho huzama gizani, kivuli cha pua huangukia mdomo, na kila mtu anakunja uso. Mawingu yakitanda, anga lote huwa taa moja kubwa, na ngozi hutulia. Siku ya jua kali natafuta kivuli cha ukuta au namsimamisha mtu ndani kidogo ya mlango ulio wazi, akitazama nje.

Na ndiyo, mchana kweupe naweza kuwasha flashi, ili ijaze vile vivuli vya machoni. Watu hushangaa. Lakini watu haohao huwasha flashi za simu wakiwa viti vya nyuma ukumbini, mahali ambapo haisaidii kitu: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hupungua hadi robo. Wanachoangaza ni migongo ya waliokaa mbele yao.

"Nipe picha zote, tena bila kuhariri"

Ombi hili nalisikiliza kwa heshima, kwa kuwa mara nyingi anayeomba anatafuta ukweli. Ila picha isiyoguswa kabisa haipo. Katika kamera nyingi, kila nukta ya sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, hupokea rangi moja tu: nusu ya nukta ni za kijani, robo nyekundu, robo bluu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1976. Rangi zinazokosekana hukisiwa kwa hesabu. Hata simu yako ikikupa picha "asilia", imeshakuamulia rangi, ukali na mwanga. Wala si jambo la jana: mwaka 1857 mpiga picha Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 kutengeneza picha moja.

Swali lenye uzito ni mpaka uko wapi. Katika picha ya habari, kumwondoa mtu au kumwongeza ni uongo, na sifanyi. Katika picha ya mtu binafsi, chunusi iliyotoka juzi naiondoa bila kuulizwa. Kovu siligusi mpaka mwenye kovu aniambie. Nimewahi kulifuta moja kwa nia njema, na mwenyewe akaniuliza kwa upole kwa nini nimemwondolea alama ya siku aliyopona. Sikuwa na jibu.

"Kamera yako ina megapikseli ngapi?"

Za kutosha. Megapikseli moja ni nukta milioni moja; megapikseli 24 ni nukta 6,000 kwa 4,000, zinazotosha kuchapisha kwa ubora wa juu picha yenye upana wa inchi 20. Na skrini nyingi haziwezi kuonyesha hata nusu yake.

"Kazi yenyewe si kubonyeza tu?"

Katika harusi inayochukua muda wa saa kumi hurudi na picha kama 3,000. Maharusi watapata 500. Kuzichagua hunichukua muda mrefu kuliko kuzipiga, kwa sababu lazima nitazame kila jicho lililofumba, kila mkono uliokatwa ukingoni, kisha niamue ipi kati ya picha sita zinazofanana ndiyo yenyewe.

Na kabla ya hayo kuna usiku wenyewe. Miaka ya mwanzo kadi moja ya kumbukumbu ya kamera ilinigomea nikiwa sijahamisha picha zake. Ndani yake mlikuwa na bibi wa bwana harusi akicheza, na hakuna mwingine aliyempiga. Sasa kamera yangu huandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, na nikifika nyumbani sivui hata viatu kabla nakala hazijaanza kuingia kwenye diski mbili. Kadi sizifuti mpaka nakala ya tatu iwe imehifadhiwa nje ya nyumba yangu.