Waswasi Unatibika: Yanayosemwa Barazani Tanga na Yaliyo Kweli

Katika mabaraza ya Ngamiani, mtu anayerudia udhu hata imamu akarukuu yeye angali bombani huitwa mwenye waswasi, na aghalabu huongezewa kwamba imani yake ni haba. Jina hilo ni sahihi, kwani waswasi ni maradhi ya akili yanayomletea mtu mawazo asiyoyataka na kumsukuma kurudia vitendo ili atulie. Hukumu ndiyo yenye kasoro. Maradhi haya, ambayo humpata mtu 1 hadi 3 katika kila 100, hupenda kushika pale penye thamani kwa mgonjwa, na anayeosha mkono mara saba huenda anaijali swala yake kuliko wanaomcheka.

Wapo pia wanaodhani kwamba wazo baya hufichua tabia ya mtu. Mama anakata mchicha, ghafla linampitia wazo la kumchoma mwanawe, anakificha kisu na kuanzia hapo haingii jikoni akiwa peke yake na mtoto. Mwaka 1978 wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba hata watu wasio na maradhi haya hupitiwa na mawazo ya namna hiyo, ila wao huyaacha yapite. Mama huyu amelichukulia wazo kuwa nia, na humo ndimo yanamoanzia mateso yake.

Dhana inayodhuru zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba tiba ni kumkinaisha mgonjwa kwa maneno. Jamaa humjibu kwa huruma, «udhu wako umetimia», mara ya kwanza hadi ya kumi, na kila jibu humtuliza kidogo kisha humrudisha kuuliza tena. Tiba iliyothibitika, ambayo mwanasaikolojia Victor Meyer aliieleza kutoka London mwaka 1966, huenda kinyume: mgonjwa hukikabili anachokiogopa kwa ngazi alizokubaliana na mtaalamu, bila kulazimishwa, huku akijizuia kufanya kile kitendo cha kujituliza. Basi mtu wetu hutawadha kwa birika moja tu, akalitua, akaenda kukaa jamvini na shaka yake bila kumuuliza yeyote. Moyo humwenda mbio, mkono humuwasha kurudi bombani. Asiporudi leo, wala kesho, hujifunza kidogo kidogo kwamba shaka huvumilika.

Wanaohofia kwamba tiba hii inapingana na dini wasahau hofu hiyo, kwani kanuni ya fiqhi isemayo kuwa yakini haiondoshwi na shaka inaelekea huko huko, na Mtume mwenyewe amepokewa kuwa alitawadha kwa mudi moja ya maji, yaani kama kibaba.

Kuhusu dawa, husemwa upesi kwamba «zimekataa». Fluoksetini na klomipramini husaidia wengi, lakini kwa maradhi haya mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona na wiki 8 hadi 12 kabla ya kupimwa nguvu yake, hivyo anayeziacha wiki ya pili hajazijaribu bado.

Linalowafanya wengi wafiche ni hofu ya kulazwa Lutindi au Mirembe, hospitali za magonjwa ya akili. Wagonjwa wengi wa waswasi hawalazwi kabisa. Huonana na mtaalamu kwa miadi, wakapanda daladala kurudi kwao, na sehemu kubwa ya tiba huifanya wenyewe nyumbani, kwenye bomba lile lile na kisu kile kile.