Mto hufanya kazi siku ngapi kwa mwaka?

Nenda mtoni mvua zikiwa zimekatika, maji maangavu hata kokoto za chini unaweza kuzihesabu. Ingiza mkono uguse mchanga. Umetulia tuli, maji yanapita juu yake wala hayausumbui. Siku za namna hiyo ndizo nyingi katika mwaka, na katika siku hizo mito mingi haichimbi ukingo wala haisogezi jiwe. Inachobeba ni madini yaliyoyeyuka na tope jepesi usiloliona kwa macho. Mimi ni mtaalamu wa maumbo ya nchi, na mito ndiyo niliyoifuatilia zaidi. Hakuna jambo lililonishangaza kama hilo nilipoanza kwenda uwandani. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mto hukata mabonde na kushusha milima baharini. Nikaenda kuutazama ukifanya hivyo, nikaukuta umepumzika.

Ili kujua mawe husafiri lini, tulikuwa tunaokota kokoto za ukubwa tofauti, tunazipaka rangi kali, kisha tunazipanga mstari mmoja kukatiza mto toka ng'ambo hii hadi ile. Baada ya wiki tunarudi: zipo palepale. Baada ya mwezi, zipo palepale. Halafu usiku mmoja mvua kubwa inanyesha huko vyanzoni, na asubuhi mstari haupo. Unateremka na mto ukitafuta rangi. Moja imekwama nyuma ya jabali, nyingine imezikwa nusu changaraweni, na nyingi huzioni tena. Saa chache zimefanya kazi ambayo miezi mizima haikuigusa.

Basi, nchi huumbwa polepole au kwa ghafla? Wanajiolojia wamebishana juu ya hili kwa zaidi ya karne mbili.

Mwaka 1788 mwanajiolojia wa Uskoti, James Hutton, alikwenda kwa mashua hadi Siccar Point, kwenye pwani ya nchi yake. Pale tabaka za mwamba wa kijivu zimesimama karibu wima, na juu yake zimelala tabaka nyekundu za jiwe la mchanga. Fikiria kinachohitajika ili kupata mandhari hiyo. Kwanza tope na mchanga vitulie chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, hadi vigeuke mwamba. Mwamba ukunjwe hadi usimame, uinuliwe juu ya maji, ulike hadi ukatwe vichwa. Kisha mchanga mwingine ulale juu yake, nao ugeuke mwamba, uinuliwe tena, ulike tena. Leo tunajua kwamba kati ya tabaka za chini na za juu kuna pengo la takriban miaka milioni 65. Hutton hakuwa na njia ya kuipima miaka hiyo, ila aliona kwamba ni mingi kupita chochote walichokuwa wakikidhani watu wa wakati wake. Waliomfuata wakajifunza kueleza kila bonde na kila mlima kwa nguvu zilezile ndogo tunazoziona kila siku, mradi zipewe muda wa kutosha.

Ni fikra nzuri, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Lakini iliwafunga watu macho. Kuanzia mwaka 1923 mwanajiolojia J Harlen Bretz aliandika kuhusu nyanda za mashariki ya jimbo la Washington, Marekani, ambako basalti, mwamba mgumu wa volkano, imechimbwa makorongo makubwa yasiyo na mto. Kuna genge la maporomoko makavu lenye kimo cha takriban mita 120 na upana wa zaidi ya kilomita 5, na hakuna maji yanayoanguka. Bretz alisema hayo ni mabaki ya gharika moja ya kutisha. Wenzake wakampinga vikali, kwa sababu maelezo ya ghafla yalikuwa yamekwisha kutupwa nje ya sayansi, na kwa sababu hakuweza kuonyesha maji yalitoka wapi. Baadaye mwanajiolojia mwingine, Joseph Pardee, alieleza matuta ya kokoto yaliyoko Montana, yenye umbo la viwimbi unavyoviona kwenye mchanga wa kijito, ila haya yana kimo cha mita kadhaa. Yaliachwa na ziwa kubwa lililozuiliwa na barafu, barafu ikavunjika, maji yakatoka yote kwa mara moja. Hayo yalitokea mwishoni mwa zama za barafu, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, na leo tunajua yalijirudia mara nyingi. Bretz alitunukiwa nishani kuu ya wanajiolojia wa Marekani mwaka 1979, umri wake ukiwa umepita miaka 90. Kila nikiisimulia habari hii huwa nawasihi wanafunzi wakae nayo. Yeye aliitazama ardhi yenyewe, na wengi wa waliomkatalia walikuwa hawajafika kuiona.

Jibu ninaloliegemea lilianza kupata umbo mwaka 1960, watafiti M. Gordon Wolman na John Miller walipopendekeza tuzidishe vitu viwili: tukio moja linafanya kazi kiasi gani, na linarudi mara ngapi. Maji ya kila siku yanarudi kila siku, lakini kazi yake ni karibu sifuri. Gharika ya karne hufanya kazi kubwa mno, lakini huja mara moja. Katikati kuna mafuriko ya kawaida, yale yanayoujaza mto hadi ukingoni bila kumwagika sana, na ambayo katika mito mingi hurudi kila mwaka mmoja au miwili. Ukizidisha, hayo mara nyingi ndiyo yaliyobeba mashapo, yaani mchanga, kokoto na tope, mengi kuliko yote. Ndiyo maana upana na kina cha mto vinalingana nayo. Mto hujishonea nguo ya kimo hicho: maji ya kiangazi yanapwaya ndani yake, na gharika inaipasua mishono.

Kuna jambo dogo hapa ambalo watu hulikosea. Ukiuliza maji yakizidi kasi yatanyanyua nini kwanza, wengi watasema matope, kwa kuwa ndiyo yenye punje ndogo kabisa. Chukua donge la udongo wa mfinyanzi na fungu la mchanga, uviweke chini ya bomba linalotiririka taratibu. Mchanga unaondoka mara moja. Donge linabaki. Punje za mfinyanzi hushikamana, kwa hiyo kuzing'oa kunahitaji nguvu nyingi, pengine sawa na ya kuviringisha kokoto. Filip Hjulström wa Uswidi alilionyesha hilo kwa mchoro wake maarufu mwaka 1935. Lakini punje hizo zikishang'oka hazitui tena hadi maji yakaribie kusimama, ilhali mchanga hutua kasi ikipungua kidogo tu. Kutokana na hali hiyo moja tunapata mabonde yenye kokoto upande wa vyanzoni na matope upande wa mtoni chini, kingo za mfinyanzi zinazosimama wima kama ukuta, na delta zinazoota mahali mto unapokutana na bahari.

Sasa, wakati mto umelala, nani yuko kazini? Mwamba wenyewe unaoza. Maji ya mvua hunyonya kabonidioksidi ya hewani na ya udongoni, yakawa asidi dhaifu, yakala mawe ya chokaa na kugeuza madini ya felspa kuwa mfinyanzi. Yakiingia kwenye ufa na kuganda, hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuusukuma ufa. Mizizi nayo hufuata ufa uleule. Kazi hii haina kelele wala haisimami, na bila hiyo mto usingekuwa na la kubeba. Usingekuwa hata na meno, kwa sababu maji matupu hayana uwezo mkubwa juu ya jabali gumu. Mchanga na kokoto vinavyoburutwa ndivyo vinavyolisaga. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, na ni kweli. Ila katika ardhi kibaba kikijaa hubaki pale kikisubiri mafuriko ya kukimwaga.

Kwa sababu hiyo huwa nawaonya watu juu ya wastani. Maporomoko ya Niagara yamerudi nyuma takriban kilomita 11 katika miaka 12,000 hivi. Gawanya, utapata karibu mita moja kwa mwaka. Lakini ukisimama pale mwaka mzima huenda usione mita hiyo. Juu kuna mwamba mgumu wa dolomiti, chini yake mwamba laini wa matope. Ule laini unaliwa, mgumu unabaki ukining'inia, mwaka baada ya mwaka, hadi siku pande zima linapokatika, kama lilivyoanguka pande kubwa mwaka 1954. Namba ya wastani ni sahihi, lakini haikusimulii lililotokea.

Hata kanuni ya mafuriko ya kawaida ina mipaka yake, na sipendi inapofundishwa kama sheria. Kwenye milima mikali na nchi kame mizani huelekea upande wa matukio adimu. Tunalijua hilo kwa njia ambayo mimi huiona ya ajabu kila ninapoitumia. Mionzi itokayo angani inapopiga punje za kwatsi, madini ya kawaida ya mchanga, karibu na uso wa ardhi, hutengeneza ndani yake atomi chache za beriliamu-10, aina adimu ya elementi ya beriliamu. Ardhi ikilika polepole, punje hukaa juu muda mrefu na kukusanya nyingi. Ikilika haraka, hukusanya chache. Kwa hiyo konzi ya mchanga wa mto hukupa kasi ya mmomonyoko wa bonde lote kwa maelfu ya miaka. Watafiti walipoifanya hesabu hiyo katika milima ya Idaho, Marekani, na kuilinganisha na mashapo yaliyopimwa mitoni kwa miongo michache, kasi ya muda mrefu ilikuwa kubwa zaidi kwa wastani mara 17. Vipimo havikuwa na kosa. Katika miongo ile, lile tukio kubwa lilikuwa halijaja.

Ndiyo maana nikiletewa ripoti inayosema mteremko fulani ni salama kwa kuwa haujasogea kwa miaka 30, kwanza natafuta chini yake mabaki ya poromoko la zamani: mawe yenye kingo kali yaliyochanganyika na udongo bila mpangilio, rundo lenye umbo la ulimi, miti iliyopinda mashina. Yakiwepo, ile miaka 30 hainitulizi hata kidogo.

Kuhusu zile kokoto zetu, moja niliikuta miaka kadhaa baadaye, mbali chini ya mstari wetu, juu ya fungu la mchanga ambalo mto ulikuwa umelijenga upande wa ndani wa kona. Kingo za kokoto hiyo zilikuwa zimelainika. Rangi ilikuwa imebaki ndani ya vishimo tu. Niliipiga picha, nikaandika mahali ilipo, nikairudisha.