Rekodi zako za hospitali kwenye kompyuta: sheria inatungwa na nani?

Kwani rekodi ya kwenye kompyuta ina tofauti gani na lile daftari ninalobeba kwenda kliniki?

Daftari liko mkononi mwako. Ukilifungia kabatini, hakuna wa kulisoma. Rekodi ya kielektroniki hubeba mambo yale yale, yaani vipimo, dawa, mimba, hali ya HIV, ila inaweza kufunguliwa Kisumu na Lamu dakika hiyo hiyo. Ndio uzuri wake: mtu akiletwa hospitalini hajitambui, daktari anaona mara moja kwamba ana kisukari, au kwamba penisilini humdhuru. Hatari nayo inatoka hapo hapo. Lazima sheria iseme nani afungue, kwa sababu gani, na anayechungulia bila ruhusa achukuliwe hatua gani.

Hapa Kenya sheria zenyewe ni zipi?

Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kisha ikaja Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, iliyounda wakala wa kusimamia mfumo wa taarifa za afya nchi nzima.

Mimi si wakili wala mtaalamu wa kompyuta. Bunge likiomba maoni ya wananchi kuhusu mswada wa rekodi hizi, nitawaambia wabunge nini?

Waambie wasiyoyaona wao. Chukua nambari ya simu. Waunda mifumo hudhani kila mtu ana simu yake, lakini yupo mama aliyeandikisha nambari ya mumewe kwa kuwa nyumbani simu ni moja. Ujumbe wa kumkumbusha tarehe ya kliniki unaingia kwa mume, na jambo ambalo mama hajawa tayari kulisema limeshajulikana. Au msichana wa miaka 17 aliyekwenda kupimwa: je, mzazi aruhusiwe kufungua rekodi yake? Au kompyuta ya mapokezi ambayo kioo chake kimeelekea benchi la wanaosubiri, jina na kliniki yako vikisomeka kwa kila mtu. Haya anayajua aliyewahi kuketi kwenye benchi hilo. Mswada ulioandikwa bila yeye una mapengo, hata ukiandikwa na mabingwa.

Sauti ya wagonjwa imewahi kubadilisha chochote?

Ndiyo, tena zaidi ya mara moja. Februari 2015 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na HIV, pamoja na walezi wao. KELIN, shirika linalotetea haki za afya, na wenzake, akiwemo mtu anayeishi na virusi, wakaenda kortini. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo lilivunja haki ya faragha, na ikaamuru taarifa zihifadhiwe kwa namna isiyounganisha jina la mtu na hali yake.

Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema Sheria ya Afya ya Kidijitali, pamoja na zile za Bima ya Afya ya Jamii na Afya ya Msingi, zilikiuka Katiba, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasitisha uamuzi huo, na utekelezaji ukaendelea. Inauma, lakini inaonyesha kwa nini ni afadhali kusema mswada ungali mezani. Desemba 2025 shirika la watetezi wa wateja, COFEK, lilipinga mkataba wa afya kati ya Kenya na Marekani, na Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda uhamishaji wa data za afya chini ya mkataba huo.

Australia nao, mwaka 2018, kila raia alikuwa afunguliwe rekodi ya afya ya kielektroniki isipokuwa aliyejiondoa. Watu zaidi ya milioni 2 na nusu walijiondoa. Kelele zilipozidi, bunge likabadilisha sheria: polisi hawaioni rekodi bila amri ya mahakama, na ukiifuta rekodi yako inafutwa kabisa.

Nikitaka kutoa maoni nifanye nini?

Katiba, kifungu cha 118, inalitaka Bunge lishirikishe umma. Matangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, yakitaja kamati na siku ya mwisho. Andika kwa Karani wa Bunge. Taja namba ya kifungu cha mswada, eleza kitakavyomuumiza mgonjwa, kisha pendekeza maneno ya kuweka badala yake. Ukurasa mmoja unatosha. Kundi la wagonjwa wa kisukari, au chama cha akina mama, likiandika kwa pamoja, kamati huona ugumu kulipuuza.

Kwa hofu hii, si heri nimfiche daktari mambo mengine?

Hapana, tafadhali. Dawa zinaweza kugongana mwilini kwa sababu ya jambo ulilolificha. Mwambie yote, kisha muulize ni nani mwingine atakayeyaona.

Na sheria ikiwa imeshapita?

Bado kuna kanuni, yaani maelekezo ya kuitekeleza sheria yenyewe, na Sheria ya mwaka 2013 kuhusu utungaji wa kanuni (Statutory Instruments Act) inataka watakaoguswa waulizwe kwanza. Kifungu cha 119 cha Katiba kinakuruhusu kupeleka ombi Bungeni ili sheria irekebishwe. Na kama siri yako imeshavuja, andika tarehe, kituo na kilichotokea, upeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaipa siku 90 kukamilisha uchunguzi.