Mnada wa harambee ya shule: jogoo huishinda runinga

Kamati ya shule ikipanga harambee, mgeni rasmi hujadiliwa vikao vitatu, vitu vya kunadi dakika kumi za mwisho. Ndiyo maana dhana hizi potofu kuhusu mnada hazifi.

"Tutafute kitu cha bei mbaya, ndicho kitaleta hela."

Kitu cha dukani bei yake inajulikana. Runinga ya inchi 32 ikinadiwa, kila aliyekaa chini ya turubai anajua inauzwaje mjini, na dau likikaribia hapo mikono inashuka. Tuseme kamati ilinunua kwa 400,000, ikauzwa 430,000: shule imebaki na 30,000 na jasho la mshereheshaji.

Sasa mchukue jogoo aliyetolewa na mzazi. Amefungwa miguu, ameinuliwa juu, anapiga kelele, watu wanacheka. Sokoni ni 25,000, lakini pale hakuna anayenunua kitoweo. Watu wanashindania heshima. Mgeni rasmi anamchukua kwa 100,000, kisha anamrudisha anadiwe tena. Wazee wa kijiji wanatoa 60,000, nao wanamrudisha. Akina mama wa vikoba wanafunga na 50,000 na kuondoka naye. Hiyo ni 210,000 kwa jogoo mmoja ambaye shule haikumgharamia hata senti. Keki na mkungu wa ndizi huenda hivyo hivyo, mradi wawepo watu wawili wanaokitaka kitu, au wanaotaka waonekane wanakitaka.

"Wazazi wetu hawana cha kutoa."

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana husemwa na watu wanaowajua wazazi hao. Fundi cherehani atoe ushonaji wa sare mbili, mnunuzi alete kitambaa. Mwenye trekta atoe kulima ekari moja kabla ya mvua. Hapo wakulima hupandishiana dau kwelikweli. Bodaboda anayeaminika mtaani anaweza kumpeleka na kumrudisha mtoto shule wiki nzima. Kinyozi yupo, msusi yupo, mpiga picha wa mahafali yupo. Ila iandikwe kwenye kadi: nani, kazi gani, mwisho wa kuitumia lini. Bila kadi, msimu wa kulima utapita na ugomvi utaanza.

"Kazi za watoto ni za kupamba ukuta tu."

Chukua kitambaa kimoja, kila mtoto wa darasa la tatu agonge dole gumba lenye rangi na kuandika jina lake chini. Wazazi wa darasa hilo hawatakubali kiende kwa mwingine. Nadi pia kuwa mwalimu mkuu wa siku moja, au viti vya mbele siku ya mahafali. Nafasi za kujiunga na shule na alama za mtihani hazinadiwi, hata kwa utani.

"Vitu vingi, mapato mengi."

Baada ya kitu cha kumi hivi, mifuko imekauka na watu wanaangalia saa. Sabuni, madaftari na kilo za mchele vifungwe kapu moja, au viwekwe mezani na bei yake.

"Mara ya tatu, imeuzwa! Basi hela ipo."

Ahadi za harambee husahaulika kabla turubai halijakunjwa. Mhasibu akae jirani na mshereheshaji, lipa namba iandikwe ubaoni kwa maandishi makubwa, nayo iwe ya shule, si ya mwenyekiti. Mshindi alipe, apokee risiti, ndipo akabidhiwe jogoo wake.