Kufungasha vifaa vya elektroniki kabla ya kuvisafirisha kutoka Lubumbashi

Watengenezaji wanaotuletea vidhibiti vya sola na taa za kuchaji zilizounganishwa hapa mjini huuliza kwanza unene wa katoni. Swali hilo lina haki yake, lakini katoni ni ya mwisho kufikiriwa, kwa kuwa ulinzi wa kifaa huanzia kwenye mfuko unaokigusa.

Wakati wa kiangazi hewa ya Lubumbashi huwa kavu mno, na katika hewa kavu umeme tuli hujikusanya kwa urahisi mwilini, kwenye nguo na kwenye plastiki. Mtu hausikii mpaka ufikie takriban volti 3,000, ilhali baadhi ya vipuri huharibika hata chini ya volti 100, kwa hiyo mfungashaji anaweza kuharibu saketi bila kuhisi chochote. Bodi ya saketi inayosafirishwa bila kasha lake iwekwe kwenye mfuko wa rangi ya fedha, usiotoboka. Ule wa waridi, unaopendwa kwa sababu ya bei, haujikusanyii umeme lakini hauzuii unaotoka nje. Na sponji nyeupe ya kawaida isiiguse bodi hata kidogo.

Baada ya hapo ndipo tufikirie barabara ya Kolwezi au ya Kasumbalesa. Kinachovunja kifaa ndani ya lori mara nyingi ni nafasi tupu inayokiruhusu kugongagonga, hata katoni ikiwa ngumu namna gani. Kizungushieni sponji ya sentimita 5 kila upande, kisha mtikise katoni: mkisikia mgongano, ifungueni. Utepe upite kwenye mshono wa kati na kingo zote mbili, juu na chini. Jaribio linalotambulika kimataifa kwa mzigo usiofika kilo 9.5 ni kuuangusha mara 10 kutoka sentimita 76: kona 1, kingo 3 na pande zote 6. Ni afadhali kupoteza sampuli moja karakana kuliko shehena nzima.

Betri za lithiamu zina masharti yake. Zikisafirishwa peke yake kwa ndege, chaji isizidi asilimia 30, na tangu 2016 hazipokelewi kama mzigo katika ndege za abiria. Ncha zake zifunikwe zisigusane na chuma. Iliyovimba haipandi ndege yoyote, hata mwenyewe akisema anairudisha kiwandani.