Sista Mwenye Ndevu

Juzi usiku wodi ya wanaume aliletwa mzee mmoja na wanae kutoka Sikonge huko, mkojo umeziba tangu jana yake asubuhi, tumbo la chini gumu kama boga, hawezi kukaa hawezi kulala. Nikamsogelea na trei langu, shikamoo mzee, akaitika huku anachungulia nyuma yangu. "Sista yuko wapi?" Nikamwambia sista wa zamu ndo mimi. Akanitazama kuanzia ndevu mpaka viatu, alafu akamgeukia mwanae akamuuliza kwa Kinyamwezi, na Kinyamwezi mie nakisikia vizuri tu, kama huyu ni mwanaume kweli au ni wale.

Nipo kwenye uuguzi hapa Tabora mwaka wa 11 sasa na hiyo "wale" nishaizoea kama harufu ya spiriti. Ila leo nataka niielezee, maana watu wanadhani ni utani wa kazini tu.

Angalia inavyojichanganya yenyewe. Nikiwa wodi ya wanaume namuwekea mtu mpira wa mkojo, mimi ni shoga, mwanaume gani anashika wanaume wenzie. Mwezi unaofuata nikipangiwa leba nampima mama njia, hapo nimeshakuwa fisi, nimesomea ukunga ili nikaangalie wake za watu. Mtu huyohuyo, glavu zilezile, kilichobadilika ni kitanda tu! Sa mnaona hapo hakuna mtu aliyewahi kunichunguza mimi napenda nani, wameangalia kazi wakaona ni ya kike, mwanaume akiingia lazima itafutwe sababu chafu.

Na kinachonichekesha zaidi ni tohara. Tabora tumo kwenye mikoa iliyolengwa na kampeni ya tohara ya kitabibu, baada ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza mwaka 2007 kwa kuwa inapunguza kwa karibu asilimia 60 hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU kutoka kwa mwanamke. Wauguzi tumeifanya sana hiyo kazi. Wanaume wazima wanapanga foleni, tena wengine wanaomba kabisa "mnipe wa kiume, nawaonea haya wadada", na sijasikia hata mmoja akiuliza mambo ya wale. Kwanini? Kwa sababu pale tunaitwa madokta, na yule fundi wa kuunga mifupa kijijini naye anakukanda paja asubuhi mpaka jioni anaitwa mganga. Neno sista likiingia tu ndo kesi inaanza.

Wanaume hawajavamia hii fani jana. Kamilo, ambaye Wakatoliki wanamjua kama msimamizi wa wauguzi, alikuwa askari na mcheza kamari Italia huko karne ya 16, kidonda cha mguuni ndo kilimfikisha hospitali, akabaki kuuguza na kuanzisha kundi la wanaume waliovaa msalaba mwekundu kifuani. Picha ya muuguzi kuwa mwanamke tu ilikuja kukomaa baada ya Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza, kufungua chuo chake London mwaka 1860, chuo cha wanawake, na ikawa ngumu kiasi kwamba chama kikuu cha wauguzi Uingereza kilikuja kupokea wanaume 1960, miaka 100 baadae. Marekani nako ilibidi Joe Hogan aende mahakamani mpaka Mahakama ya Juu yao mwaka 1982 ndo apate haki ya kusomea uuguzi kwenye chuo cha wanawake cha Mississippi. Yani hii tabia tumeirithi pamoja na kofia nyeupe.

Turudi kazini. Kwetu hapa uvumi wa namna hii sio wa kucheka. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154, kile cha kuingiliana kinyume na maumbile, inaongelea kifungo kisichopungua miaka 30 mpaka maisha, kwaiyo anayemtania mwenzie "laini" kwenye chai ya saa 4 anacheza na maisha ya mtu. Nilikuwa na kijana mmoja, fundi wa mishipa ya watoto, branula (kile kimpira cha dripu) anaweka mara moja tu. Hajaoa, sauti ndogo, anapiga pasi nguo zake vizuri. Basi. Walimsema mpaka akaomba uhamisho.

Na hapo nina kosa langu. Mie mtu akinianza nilikuwa natoa simu namuonyesha picha ya mama watoto na wanangu watatu, wanacheka, yanaisha. Kwangu yaliisha kweli. Sikuwaza kwamba kila nikionyesha ile picha nakubali kwamba swali ni halali, na yule kijana aliyekaa pembeni na kikombe chake yeye hana picha ya kuonyesha.

Wagonjwa nao wanasikia jamani. Kuna kaka alilazwa anasema mgongo unauma, siku ya nne homa imepanda ndo tunagundua ana jipu sehemu ya haja kubwa. Alivyopona kaniambia aliogopa kusema kwa sababu jioni aliyofika alitukuta tunamcheka mtu.

Mgonjwa kuona aibu, hiyo ni haki yake na haihusiani na uvumi. Jitambulishe, eleza unachoenda kufanya, vuta pazia, omba ruhusa, kwa mama ita mwenzio wa kike asimame hapo, na akisema hataki wewe, tafuta mwingine bila kununa. Hivyo ndo vinamlinda mgonjwa. Muuguzi kuwa na mke hakumlindi chochote, waliooa nao wamewahi kufanya ushenzi.

Yule mzee nilimuelewesha taratibu, mwanae akamshika mkono. Mpira saizi 16, jeli ya ganzi ukaisubiria kidogo (wengi wetu hapa tuna haraka, tukiri), unaingiza polepole maana tezi dume imebana, unangoja mkojo utoke kwanza ndo ujaze maji kile kiputo cha kwenye ncha ya mpira, ukijaza puto likiwa bado njiani utamchana mtu. Ukatoka. Lita moja na kitu, naukinga unajaa kwenye mfuko na mzee anashusha pumzi kama aliyetua gunia la tumbaku.

Akafumbua macho akaniuliza, "Sasa wewe kijana, umeoa?"

Nikamwambia mzee wangu, kunywa maji, nakuja saa 10 kucheki mfuko.